Upanga Ukiwa Alani

Mchezo ni jambo ambalo watu wazima hulidharau mchana na kulitafuta jioni. Mtu atakuambia hana muda wa michezo, kisha ukipita kijiweni saa kumi na moja utamkuta ameinamia bao, amekunja uso kama hakimu, na ukimsemesha hakusikii. Mimi nimekwisha kuvuka umri wa miaka 60. Nimefundisha shule ya msingi, nimelea, nimezika, na kwa miaka tisa nilikuwa mjumbe wa baraza la kata. Wala sioni haya kusema kwamba katika siku hizi za kustaafu nimejifunza jambo kubwa kutokana na mchezo. Si bao wala karata. Ni mchezo usio na ubao, usio na mshindi, na ambao kifaa chake kikubwa ni maneno.

Naomba, ndugu msomaji, univumilie nikueleze kwanza unavyochezwa. Watu wanne au watano hukaa kuizunguka meza. Mmoja wao ndiye mwendeshaji. Wengine, kila mmoja ana mhusika wake, ambaye habari zake zimeandikwa kwenye karatasi: nguvu zake, wepesi wake, akili yake, na mambo aliyo na ustadi nayo. Mwendeshaji husimulia: "Mmefika mtoni. Daraja limevunjika, na ng'ambo mnaona moshi. Mnafanya nini?" Basi kila mchezaji hueleza mhusika wake anafanya nini. Akisema anavuta pumzi, amevuta. Akisema anauvuka mto uliofurika kwa kuogelea, hapo pana mashaka, na penye mashaka hutupwa dadu, aghalabu ile yenye nyuso 20. Dadu ikikubali, amevuka. Ikikataa, mto una la kusema.

Mwanangu ndiye aliyeuleta mchezo huu nyumbani kwetu Tanga. Alikuwa amesoma Minnesota, Marekani, na badala ya kurudi na makoti alirudi na vitabu vizito na mfuko wa dadu za rangi. Nilipomuuliza kwa nini amebeba mzigo huo wote, alinijibu, "Mama, mchezo huu umezaliwa kule kule nilikokuwa." Na kweli, nilipofuatilia habari zake nilikuta mambo ambayo sikuyatarajia.

Mwaka 1969, katika miji pacha ya Minneapolis na St. Paul, palikuwa na kijana aitwaye David Wesely. Yeye na wenzake walikuwa wakicheza michezo ya vita ya mezani, vile vita vya zama za Napoleon, kwa sanamu ndogo za askari. Siku moja Wesely akabuni kitu kingine. Akautunga mji wa kubuni akauita Braunstein, na badala ya kuwapa wenzake majeshi tu, akawapa watu: huyu awe meya wa mji, yule mkuu wa chuo, na wengineo, kila mmoja na haja zake. Alidhani watazungumza kidogo kisha vita vianze. Kumbe vita havikuanza kabisa. Watu walisimama, wakaenda pembeni wawili wawili wakinong'onezana, wakipanga njama, wakidanganyana, hata wawili wakafikia kupigana ana kwa ana. Wesely aliona mchezo wake umemharibikia. Wenzake wakamwomba autayarishe tena.

Mmoja wa waliokuwapo katika michezo hiyo ni Dave Arneson. Yeye aliuendeleza kwa namna yake, na mwaka 1974, pamoja na Gary Gygax wa mji wa Lake Geneva, Wisconsin, wakatoa vijitabu vitatu ndani ya boksi, nakala 1,000 za kwanza, kwa jina la Dungeons & Dragons. Huo ndio unaohesabiwa kuwa mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa. Ninalotaka ulishike hapa ni moja: mizizi ya mchezo huu ilikuwa ni watu waliokusanyika kupigana vita wakajikuta wanazungumza.

Lakini ukitazama vijana wakicheza leo, aghalabu utadhani mambo yalikuwa kinyume. Kwenye kibaraza changu, Jumapili baada ya chakula cha mchana, mwanangu aliwakusanya watu wanne. Alikuwapo binti wa jirani anayesomea uuguzi. Alikuwapo kijana wa fundi seremala wa mtaa wetu, mpole, mwenye kigugumizi. Na walikuwapo watoto wawili wa marehemu kaka yangu, ambao nitawataja kama Mkubwa na Mdogo. Mimi nilikaa pembeni na ukili wangu, nikisuka na kusikiliza. Jumapili hata Jumapili nilisikia kitu kimoja: zimwi limetokea, panga zimechomolewa, dadu zimetupwa, zimwi limekufa. Kisha zimwi jingine.

Siku moja nikamwuliza mwanangu, "Hivi katika mchezo wenu hakuna linaloweza kutatuliwa bila kuua?" Akacheka. Akasema kanuni zinaruhusu kuzungumza, ila mazungumzo hayanogi.

Neno hilo, kwamba mazungumzo hayanogi, nilikaa nalo. Mimi niliyekaa barazani miaka tisa najua kwamba mazungumzo yananoga kuliko ngumi. Watu walikuwa wakiacha shughuli zao kuja kusikiliza shauri la mbuzi. Basi kwa nini yapooze mezani? Nikaanza kulitazama pigano kama mwalimu anavyotazama somo ambalo wanafunzi wanalipenda, ili nijue lina nini ambalo masomo mengine hayana.

Niliona kwamba pigano lina zamu. Kila mtu hupata nafasi yake, hata yule mwenye kigugumizi. Pigano lina hesabu inayoonekana: zimwi lilikuwa na uhai wa pointi 30, sasa zimebaki 12, na kila mtu anajua wanakaribia. Lina gharama, maana nawe unaumia. Lina njia nyingi: kuzunguka nyuma, kurusha mshale, kurudi nyuma, kukimbia. Na lina katikati. Halianzi na kuisha kwa pumzi moja.

Kisha nikatazama wanavyozungumza. Wanamkuta mlinzi mlangoni. Yule mwenye ustadi mkubwa wa maneno anatupa dadu mara moja. Ikikubali, wamepita. Ikikataa, hawakupita, na hapo upanga unatoka. Wengine watatu wamekaa kama watazamaji. Hakuna zamu, hakuna katikati, hakuna gharama. Kama shauri barazani lingeamuliwa kwa kurusha shilingi, nani angekuja kusikiliza?

Inafaa niseme kwamba waliotunga mchezo wenyewe hawakuwa na njaa ya damu kama tunavyodhani. Katika kanuni za mwaka 1974, mkikutana na kiumbe mwenye akili, hashambulii papo hapo. Mwendeshaji hutupa dadu mbili za nyuso sita. Jumla ikiwa 2 hadi 5, amechukizwa. 6 hadi 8, hajaamua. 9 hadi 12, ameridhika. Ukipiga hesabu, katika mara 36 ni mara 10 tu ambazo mambo huanza kwa ubaya. Tena pointi za uzoefu, zile zinazomkuza mhusika, zilitokana zaidi na mali kuliko na mauaji. Katika toleo la mwaka 1981 la kuanzia, adui wa kawaida aliyeuawa alileta pointi 10 tu, lakini mfuko wa sarafu 100 za dhahabu uliofikishwa salama ulileta pointi 100. Mchezaji mwenye akili alizichukua sarafu na kumwacha adui amelala. Baadaye, toleo la mwaka 1989 liliifanya pointi ya dhahabu kuwa jambo la hiari ya mwendeshaji, mizani ikaelemea upande wa kuua, na watu ni wepesi wa kujifunza kile wanacholipwa.

Wengine walichukua njia nyingine. Mwaka 1981 kampuni ya Chaosium ilitoa mchezo wa Sandy Petersen uitwao Call of Cthulhu, ambao wahusika wake ni wapelelezi, wasomi na waandishi wa habari; na yale wanayokutana nayo ni makubwa mno kiasi kwamba kupigana nayo ni kujiua. Kinachopungua humo ni akili timamu ya mtu kadiri anavyojua zaidi. Na mwaka 2008 Dungeons & Dragons yenyewe ilijaribu kuyapa mambo yasiyo ya vita umbo la pigano: kundi zima lishirikiane kupata idadi fulani ya mafanikio kabla ya kushindwa idadi fulani. Wazo lilikuwa zuri, ila hesabu zilikuwa na kasoro, na wenyewe wakazirekebisha mwaka huo huo. Lakini kasoro kubwa haikuwa ya hesabu. Wachezaji wengi waligeuka makarani wa kuhesabu, kila mmoja akitafuta ustadi alioandikiwa namba kubwa ili aurushie dadu, bila kujali kama hadithi inauhitaji.

Hapo ndipo nilipokumbuka baraza.

Mabaraza yetu ya kata yaliundwa kwa sheria ya mwaka 1985, wajumbe wasiopungua wanne wala kuzidi wanane. Mimi niliingia nikiwa bado nafundisha. Jambo la kwanza nililojifunza humo ni kwamba mtu hasemi anachotaka, husema anachodai. Yuko mzee aliyemshitaki jirani yake kwa mpaka wa hatua tatu. Hatua tatu tu za majani. Tulipima, tukapima tena, hakuna aliyeridhika. Mpaka ilipofika alasiri akasema, kwa sauti ya chini, kwamba anaogopa siku akifa jirani huyo atamsukuma mkewe hatua tatu nyingine, na tatu nyingine, mpaka afike barabarani. Kumbe shauri halikuwa la ardhi. Lilikuwa la mjane ambaye bado hajawa mjane. Tulipolijua hilo, tuliandika maneno manne kwenye karatasi, na shauri likaisha.

Basi changamoto isiyo ya vita, mezani kama barazani, huanzia hapo: yule anayekuzuia awe na dai lake la wazi, na nyuma ya dai awe na haja au hofu asiyoisema. Bila hiyo, mlinzi wa mlango ni kitasa kilichovaa kofia.

La pili nilijifunza zamani zaidi, nikiwa mtoto, usiku wa vitendawili. Mwanangu aliwahi kuwawekea wachezaji wake mlango wa jiwe wenye fumbo. Bila jibu haufunguki. Walikaa saa nzima. Binti wa jirani akaanza kusinzia. Mkubwa akapendekeza wauvunje. Nikawaza: sisi tulitega vitendawili miaka na miaka, mbona hatukukwama hata siku moja? Kwa sababu mila yetu ina mlango wa pili. Ukisema "Kitendawili!" wenzako hujibu "Tega!" Wakijaribu na kushindwa, unawaambia "Nipe mji!" Watakupa mji, utausifu, utajigamba umekwenda ukala na kunywa, kisha utatoa jibu. Aliyeshindwa amelipa. Lakini amelipata jibu, na mchezo umeendelea. Kushindwa kulikuwa na bei. Hakukuwa na ukuta. Wazee wetu walilijua jambo ambalo watunzi wa michezo ya mezani wamelifikia kwa vitabu vingi. Robin D. Laws, mathalani, alitunga kanuni za upelelezi ambazo ndani yake dalili ya lazima haipotei kwa dadu mbaya. Mpelelezi mwenye ustadi unaofaa huiona, na kazi inabaki kuifahamu maana yake.

La tatu ni la hesabu, na hili namshukuru mwanangu aliyenionyesha kwenye karatasi. Kama ustadi wa mtu unampa nafasi 7 katika 10, hiyo ni nafasi nzuri. Lakini mwendeshaji akimtaka afaulu mara tatu mfululizo, kupanda ukuta, kushuka, na kunyemelea, nafasi yake inashuka hadi karibu 34 katika 100. Mwendeshaji anayependa kutupisha dadu kila hatua anamnyima mtu bila mwenyewe kujua. Ndiyo maana dadu itupwe pale tu ambapo majibu yote mawili, ndiyo na hapana, yatatupeleka mahali.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike haya.

Mkubwa na Mdogo walikuwa hawasemezani. Kaka yangu alipofariki aliacha shamba la michungwa Muheza, na wosia wa mdomo ambao kila mmoja aliusikia kwa sikio lake. Kwa karibu miaka miwili vijana wale walikaa meza moja kila Jumapili bila kuzungumza, maana mimi nilikuwa nimewaambia kwamba nyumba ya shangazi haigawanywi na michungwa. Walikuja kwa heshima yangu. Wakiingia, "Shikamoo Shangazi," kila mmoja kwa wakati wake. Katika mchezo mmoja alikuwa askari, mwingine mwizi wa kupanda kuta, na hata humo waliongea kupitia watu wengine: "Mwambieni askari asogee."

Mwanangu alipohamishiwa Dodoma kikazi, meza ikabaki bila mwendeshaji. Wakaniangalia. Nikaweka ukili chini.

Nilitayarisha kwa muda wa wiki mbili. Nilichukua jambo ninalolijua, maji. Katika milima ya Upare kuna mabwawa ya jadi yaitwayo ndiva. Maji hukusanywa humo usiku na asubuhi hufunguliwa, yakashuka kwa mifereji kwenda mashambani kwa zamu. Anayeishika zamu ameishika njaa na shibe. Nikatunga vijiji viwili, cha juu chenye bwawa na cha chini chenye mahindi yanayonyauka. Bibi mmoja mtunza bwawa amekataa kulifungua. Dai lake: watu wa chini hawakuja kuzibua mfereji. Hofu yake aliyoificha: ukuta wa bwawa una ufa, na akifungua lango kwa nguvu ukuta utaanguka, na lawama zitamwangukia yeye. Mkuu wa kijiji cha chini naye dai lake ni haki ya maji. Kinachomuuma ni kwamba mtu wao alikufa akizibua mfereji mwaka uliopita, na wa juu hawakuja mazikoni.

Nikachora duara nikaligawa vipande sita, kila siku inayopita kipande kimoja kinapakwa wino. Vipande vikijaa, mahindi yamekufa. Mbinu ya duara si yangu. Yumo humo John Harper katika mchezo wake wa Blades in the Dark wa mwaka 2017, ambao saa zake huwa na vipande vinne, sita au vinane. Inafaa kwa sababu ni ile hesabu inayoonekana niliyoisema katika pigano. Kila mtu mezani analitazama duara.

Kisha nikahakikisha kila mmoja ana mlango wake. Tabibu angeweza kuwasikiliza wagonjwa wa kijiji cha juu. Mwizi angeweza kwenda bwawani usiku. Kijana wa seremala, ambaye ulimi wake unamchelewesha, mhusika wake alikuwa fundi. Nikaweka lango la mbao ambalo yeye pekee angelisoma. Maana kosa moja la mazungumzo ya mezani ni kuwapa wasemaji peke yao. Na askari? Sikumnyang'anya upanga. Walinzi walikuwa wanane tu na angeweza kuwashinda. Lakini niliandika mapema nini kingefuata: wanaolijua lile lango wangekimbia, na lango likifunguliwa na asiyelijua, ukuta ungevunjika. Sikuandika hivyo kumwadhibu. Kuta zenye ufa ndivyo zilivyo.

Siku ya kwanza ya mchezo ilipita kwa dua na adabu, na Bibi akakataa. Usiku mwizi alitambaa hadi bwawani. Mdogo akatupa dadu, ikaja 17, nikamnong'oneza sikioni alichokiona: ukuta unatoka jasho, na ufa unaingia mkono. Akarudi kambini. Nikamsubiri awaambie wenzake. Hakuwaambia. Kambini aliyekuwa macho ni askari peke yake, na yeye na askari hawasemezani.

Siku ya pili tabibu alijifunza habari za mazishi. Siku ya tatu Mkubwa alichoka. "Nachomoa upanga," akasema. Nikamwambia walinzi wanarudi nyuma, na Bibi anakuja kukaa chini mbele ya lango, mikono mapajani. Nikanyamaza. Sote tukanyamaza. Nikapaka wino kipande cha tatu.

Askari mwenye upanga mbele ya bibi aliyekaa chini hana dadu ya kutupa. Mkubwa aliitazama karatasi yake, pale palipoandikwa namba zake zote za nguvu. Kisha akauliza, si kwa sauti ya askari, "Bibi, unaogopa nini?"

Nimekaa katika vikao vinne vya ukoo kuhusu lile shamba. Zimesomwa tarehe, wameitwa mashahidi, zimehesabiwa miti. Swali hilo sikulisikia hata mara moja.

Nikamjibu kama Bibi: "Naogopa ukuta."

Mkubwa akaona anadanganywa. "Ukuta gani? Ukuta mzima huu." Hapo Mdogo, akiwa ameinamia meza, akasema, "Anasema kweli. Nimeuona mimi. Una ufa." Hakusema "mwambieni askari." Alimwambia kaka yake.

Binti wa jirani aliniangalia, nami nikatazama dadu. Kijana wa seremala ndiye aliyetuokoa na ule ukimya, akasema taratibu, neno kwa neno, kwamba lango lisiinuliwe lote. Liwekewe gogo, liinuliwe upana wa kiganja kila usiku, huku ukuta ukiegemezwa. Wakafanya hivyo. Ilichukua siku mbili nyingine. Vipande vitano vilijaa. Mashamba ya mwisho kabisa yalikufa, na wenye mashamba hayo hawakushukuru. Sikuwaondolea hasara hiyo, kwa sababu suluhu isiyomgharimu mtu yeyote watu hawaiamini.

Ndugu msomaji, usidhani nitakuambia kwamba walikumbatiana. Waliondoka kama walivyokuja, kila mmoja kwa wakati wake. Shamba la Muheza halijagawanywa hadi ninapoandika, na huenda likafika kwa wenye wigi. Lakini wiki chache baadaye Mkubwa alimpigia simu mdogo wake, yeye mwenyewe bila mjumbe, kuuliza kama michungwa imepuliziwa dawa. Nilisikia habari hizo kutoka kwa mke wa Mdogo, aliyekuja kunisimulia kama mtu anayesimulia mvua. Sijui kama ni mchezo, au ni umri, au ni uchovu wa kununa. Siupi mchezo sifa isiyo yake. Ninachojua ni kwamba kabla ya siku ile midomo yao ilikuwa haijapata pa kufanyia mazoezi.

Kwa maana hiyo hasa ndiyo kazi ya michezo. Mtoto wa kike hupikia vifuu kabla ya kupewa sufuria. Mtoto wa kiume huchunga kwa fimbo kabla ya kukabidhiwa ng'ombe. Tunachokirudia katika mchezo ndicho mkono hukikumbuka siku ya siku. Nasi, kwa michezo, sinema na hadithi, tumewazoesha vijana wetu kushika upanga mara elfu, na swali la "unaogopa nini?" hawajalijaribu hata mara moja. Kisha siku ya mirathi tunawashangaa.

Wala sisemi pigano lifutwe mezani. Upanga usiokuwapo haumfundishi mtu chochote. Mwenye mikono mitupu akisema nimeamua kutopigana, watu watacheka. Changamoto isiyo ya vita si ile ambayo mwendeshaji amekataza panga. Ni ile ambayo panga zipo viunoni, na mchezaji mwenyewe anauona uhakika wa kushinda, na bado anatambua kwamba ushindi huo hautamletea maji. Kuitunga kazi hiyo ni vigumu kuliko kutunga zimwi. Zimwi linataka meno tu. Mtu anayekaa mbele ya lango anataka awe na sababu, na sababu hiyo iwe ya kweli kiasi kwamba wewe uliyemtunga, ukiwa mahali pake, nawe ungekaa chini.